Kuwaona na kuwasikia nyangumi nundu ukiwa nchi kavu, kutoka Mtwara hadi Malindi

Kati ya Juni na Novemba nyangumi nundu hupita mbele ya pwani yetu. Wanatoka bahari ya Antaktika, wanakoshiba wakati wa kiangazi cha kusini, wanasafiri zaidi ya kilomita 6,000 kuja kupandana na kuzaa katika maji ya joto ya Msumbiji, Tanzania na Kenya, kisha wanarudi. Watu wengi waliozaliwa pwani hawajawahi kumwona hata mmoja. Sababu kubwa ni kwamba hutazama saa isiyofaa, au mahali pasipofaa, au hutafuta mgongo wa mnyama ilhali kinachoonekana kwanza ni pumzi yake.

Mwongozo huu ni wa mtu asiye na boti, na nyangumi nao hufaidika kwa hilo. Mama anayefuatwafuatwa na injini huacha kumnyonyesha mtoto na kuhama. Mtu aliyeketi juu ya jabali hamsumbui kwa lolote, hata akikaa kutwa.

Msimu, upepo na jua

Wa kwanza huonekana kusini, pwani ya Mtwara, mwezi Juni. Kenya huanza kuwapata Julai. Agosti na Septemba ndiyo miezi ya kupanga safari kama una nafasi moja tu. Mwanzoni mwa msimu wengi huelekea kaskazini, yaani ukiitazama bahari mashariki watatokea mkono wako wa kulia kwenda kushoto. Kuanzia Septemba wanaorudi kusini huongezeka, na mwishoni mwa msimu ndipo mama na watoto huwa wengi, wakienda polepole na karibu na nchi kuliko wengine.

Tatizo ni kwamba huo ndio msimu wa kusi. Kusi likishapanda, bahari hujaa vilele vyeupe na kila kilele hufanana na pumzi ya nyangumi kwa nusu sekunde. Kanuni ni hii: ukiona vilele vyeupe vichache hapa na pale, endelea, vikienea bahari nzima, funga kazi urudi kesho. Upepo huwa mwepesi zaidi kuanzia alfajiri hadi kama saa 3 asubuhi, na siku nyingine hutulia tena jioni.

Hapo kuna mvutano ambao hauna suluhu kamili. Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi yenye bahari tulivu ndiyo hiyohiyo yenye jua la machoni. Fika mapema, dakika 30 kabla ya jua kuchomoza, utumie mwanga wa mwanzo ambao bado hauna mng'aro. Jua likishatoka, acha kile kipande cha bahari kilicho chini yake moja kwa moja, ugawe macho yako kulia na kushoto kwake. Pumzi inayomulikwa na jua kutoka nyuma hung'aa vizuri sana pembeni mwa mng'aro huo. Baada ya saa 9 alasiri jua huwa mgongoni mwako na rangi zote huonekana, lakini uombe upepo uwe mdogo. Miwani ya polaroidi na kofia yenye ukingo mpana vinasaidia kuliko darubini ya bei kubwa.

Usitazame jua kwa darubini hata kwa bahati mbaya. Mtoto anayeshika darubini asubuhi aelekezwe na mtu mzima.

Kuchagua mahali

Kimo kwanza. Chukua urefu wa macho yako juu ya usawa wa bahari kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 3.57, unapata kilomita kutoka ulipo hadi upeo wa macho. Ukisimama mchangani, macho yakiwa mita 2 juu ya maji, upeo uko kilomita 5. Kwenye jabali la mita 10 uko kilomita 11. Kwenye ghorofa au kilima cha mita 20 uko kilomita 16. Faida ya kimo si umbali peke yake: ukiwa juu, uso wa bahari unatandazika, na mgongo ambao ungefichwa na wimbi la kwanza unauona. Ndiyo maana dari ya nyumba ya wageni iliyo nyuma ya ufukwe ni bora kuliko ufukwe wenyewe.

La pili ni kina. Nyangumi nundu wanapita nje ya mwamba, si ndani ya maji ya bluu isiyokolea yaliyo kati ya mwamba na mchanga. Tafuta mahali ambapo mwamba uko karibu na nchi na kilindi kinaanza mapema: Watamu na Kilifi upande wa Kenya, Msimbati upande wa Mtwara, pwani ya mashariki ya Unguja, na ncha ya kusini kuzunguka Kizimkazi. Mlango wa bahari kati ya Unguja na bara hauna kina kikubwa, kwa hiyo kukaa Dar es Salaam ukitazama upande wa Zanzibar ni kujipa kazi ngumu. Rasi inayochomoza baharini ni bora kuliko ghuba, kwa sababu mnyama anayefuata pwani hulazimika kuizunguka.

Majabali ya matumbawe yaliyoliwa na maji chini huwa na ukingo unaoning'inia. Kaa mita 2 au zaidi nyuma ya ukingo. Kama unashuka chini yake, jua saa za kujaa na kupwa: siku za bamvua tofauti ya maji hufikia karibu mita 4, na njia uliyoshukia inaweza kutoweka.

Vifaa

Darubini ya macho mawili ya 7x50 au 8x42 inatosha (namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita). Ya kukuza mara 10 au zaidi hutikisika mkononi mpaka macho yachoke, isipokuwa uiweke juu ya tripodi. Rula ya kawaida, saa yenye sekunde, daftari, maji ya kunywa yasiyopungua lita 2 kwa mtu, na kitu cha kukalia chenye egemeo. Usidharau egemeo, mtu anayeumwa mgongo huacha kutazama baada ya nusu saa.

Hatua za kutazama

1. Fika, keti, na usitazame kwa darubini kwa dakika 10 za kwanza. Jifunze bahari ya siku hiyo: mwamba unapasukia wapi, mashua za wavuvi ziko wapi, mawimbi yanatoka upande gani. Povu linalorudi mahali palepale ni mwamba. Utalitoa akilini mapema lisikudanganye baadaye.

2. Chagua alama tatu au nne zisizosogea, kwa mfano mnazi, boya, ncha ya rasi, ili uweze kusema "vidole viwili kulia kwa boya" bila kubahatisha.

3. Pitisha macho matupu polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, takriban dakika moja kwa mpito mmoja, ukiweka macho chini kidogo ya mstari wa upeo. Baada ya mipito mitano, fanya mmoja kwa darubini. Watu hufanya kinyume, darubini muda wote, na hivyo wanaona kipande chembamba cha bahari huku nyangumi anapumua pembeni.

4. Unachotafuta ni wingu dogo jeupe, fupi na nene, la kimo cha mita 3 hivi, linalosimama sekunde mbili tatu kisha kupeperushwa. Rusho la maji kutoka kwenye wimbi huanguka mara moja, pumzi huelea.

5. Ukiiona, usiondoe macho kutafuta darubini. Mwombe mwenzako aipitishe, au iwe shingoni tayari. Taja alama iliyo karibu, angalia saa, na hesabu pumzi. Mara nyingi atapumua mara 3 hadi 6, kila baada ya sekunde 10 hadi 30, kisha atazama.

6. Akikunja mgongo juu na mkia ukatoka majini wote, anazama kwa kina. Anza kuhesabu dakika. Kwa kawaida atarudi baada ya dakika 5 hadi 15.

7. Mtafute mbele ya alipozamia, si palepale. Anayesafiri kilomita 5 kwa saa na kuzama dakika 10 atatokea mita 800 na kitu mbele. Kama yuko kilomita 3 kutoka kwako, umbali huo ni kama ngumi moja na nusu ukinyoosha mkono. Hii ndiyo hatua inayowashinda wengi: wanaona pumzi mara moja, wanakazia macho pale pale robo saa nzima, na mnyama amekwisha kupita.

Mtoto hawezi kukaa chini muda mrefu hivyo. Ukiona pumzi ndogo ikitokea kila dakika chache karibu na mahali ambapo pumzi kubwa hutokea kwa nadra, una mama na mtoto. Mtoto huzaliwa na urefu wa mita 4 hivi, mama ana mita 13 hadi 15.

Kuhusu kutambua aina: nyangumi nundu ana pezi fupi la mgongoni lililokalia nundu, na mapezi ya kifuani marefu kupita ya nyangumi mwingine yeyote, karibu theluthi ya mwili, mara nyingi meupe upande wa chini. Akiruka au akilala ubavu na kupiga maji kwa pezi, hakuna tena shaka. Pomboo hawana pumzi inayoonekana mbali na huja kundi. Papa potwe, anayejulikana sana Mafia, ni samaki. Hapumui hewa, kwa hiyo hana pumzi kabisa. Kuna nyangumi wa kilindini mwenye kichwa kikubwa cha mraba ambaye pumzi yake hulalia mbele na kushoto. Ukiona wingu lililoinama namna hiyo siku isiyo na upepo, huyo si nundu.

Kukadiria umbali kwa rula

Shika rula wima, sentimita 60 kutoka kwenye jicho, sufuri ikiwa kwenye mstari wa upeo, usome milimita hadi pale mnyama alipo. Ukiwa kimo cha mita 20: milimita 10 hadi 11 ni kilomita 1; milimita 4.5 hadi 5 ni kilomita 2. Chini kidogo ya milimita 2 ni kilomita 4. Zaidi ya hapo kosa la mkono ni kubwa kuliko kipimo. Funga uzi wa sentimita 60 kwenye rula na ushike ncha yake kwenye shavu, urefu usibadilike. Ukiwa mchangani njia hii haifai. Pembe ni ndogo mno.

Kumsikia hewani

Siku tulivu, pumzi ya nyangumi husikika mita mia kadhaa, mvumo mzito unaokatika ghafla. Kishindo cha kuruka au kupiga mkia kinafika kilomita nyingi. Hesabu sekunde kutoka uone maji yakiruka hadi usikie: kila sekunde 3 ni kilomita moja hivi. Sekunde 6, yuko kilomita 2. Linganisha na rula.

Anayekuzuia kusikia ni mwamba unaovuma. Kaa nyuma ya jiwe au ukuta unaokinga upande ambao mawimbi yanapasukia, weka viganja nyuma ya masikio, na geuza kichwa polepole. Masikio hukuonyesha upande wa kutazama, hasa alfajiri kabla hakujapambazuka vizuri.

Kumsikia akiimba

Wimbo ni jambo jingine. Dume ndiye anayeimba, kwa kawaida akiwa peke yake, ametulia chini ya maji. Sehemu za wimbo hujirudia kwa mpangilio. Wimbo mmoja huchukua dakika 10 hadi 20 na zaidi, kisha unaanza upya, na anaweza kuendelea saa nyingi. Roger Payne na Scott McVay walieleza mpangilio huo mwaka 1971. Madume wa eneo moja huimba wimbo mmoja, nao hubadilika kidogo kidogo msimu hadi msimu. Sauti hii haitoki nje ya maji kiasi cha kusikika ufukweni. Lazima sikio, au kifaa, kiingie majini.

Njia rahisi ni kichwa. Mahali ambapo kuogelea ni salama na maji yana kina, zamisha masikio, zuia pumzi, usipige miguu. Mwimbaji aliye kilomita kadhaa anaweza kusikika. Usijaribu kukisia yuko upande gani: majini sauti husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani, na masikio yetu hayawezi kupambanua tofauti ndogo hivyo kati ya kulia na kushoto.

Njia bora ni haidrofoni, yaani maikrofoni ya chini ya maji, na inaweza kutengenezwa na fundi yeyote wa redio. Nunua kisahani cha piezo cha milimita 27, yaani kauri inayogeuza mtikisiko kuwa umeme, kile kinachotumika kwenye kengele za mlangoni. Lehemu waya wa katikati wa kebo yenye ngao (wavu wa waya unaouzunguka) kwenye sehemu nyeupe, na ngao kwenye shaba ya pembeni. Gusa kwa sekunde moja au mbili tu. Joto likizidi, kauri hupoteza nguvu yake ya umeme na kifaa huwa kiziwi bila dalili yoyote ya nje. Kifunike chote kwa gundi ya epoksi, tabaka mbili, ya pili baada ya ya kwanza kukauka saa 24, na uipandishe sentimita 3 juu ya kebo. Hakikisha hakuna kiputo cha hewa ndani ya gundi upande wa mbele, kwa sababu hewa hurudisha sauti nyuma. Kebo ya mita 10 hadi 20 inatosha.

Usichomeke haidrofoni hiyo moja kwa moja kwenye simu. Hapa ndipo karibu kila mtu hukosea, kisha hudhani nyangumi hawapo. Kisahani hicho kina takriban nanofaradi 20. Kikiunganishwa na tundu lenye ukinzani wa ohmu 2,000, kama la maikrofoni ya simu, hupunguza kila kitu kilicho chini ya herzi 4,000, na karibu wimbo wote uko hapo chini. Kwa ohmu 10,000 mpaka hushuka hadi herzi 800, bado ni juu mno. Kwa megaohmu 1 unashuka hadi herzi 8, na wimbo mzima unapita. Kwa hiyo weka katikati kikuza sauti chenye ukinzani wa kuingilia wa megaohmu 1 au zaidi. Vile vya magitaa ya sanduku, vinavyotumia betri ya volti 9, vimetengenezwa kwa piezo na vinauzwa kwenye maduka ya muziki. Tumia betri tu. Chaja iliyochomekwa ukutani italeta mvumo wa herzi 50 utakaofunika sauti nzito.

Jaribu nyumbani kwenye ndoo ya maji: sugua vidole chini ya maji, usikie. Kisha pima ukinzani kwa multimita kati ya waya wa kati na ngao. Isisome chochote. Ikisoma kiloohmu chache, maji yameingia, na hakuna tiba ila kutengeneza kingine.

Mahali pa kuishushia ni penye maji ya mita 5 na zaidi yaliyo wazi kuelekea nje: ncha ya gati, jabali linaloshuka wima, mdomo wa mlango wa mwamba. Ndani ya mwamba huambulii kitu. Mwamba huzuia sauti, na katika maji ya mita 2 sauti za chini ya herzi mia kadhaa hazisafiri kabisa. Shusha hadi katikati ya kina, isiguse chini. Funga jiwe la kilo 1 mita moja chini yake, na kati ya kamba ya juu na gati weka kipande cha nusu mita cha mpira wa ndani wa baiskeli, ili wimbi livute mpira na si kebo. Chagua wakati maji yamesimama, yaani yamejaa kabisa au yamekupwa kabisa. Mkondo ukishika kasi, kebo hutetemeka na kutoa mlio mmoja mzito usiokoma.

Vaa hedifoni zinazofunika sikio. Kwanza utasikia mlio wa kutatarika kama vitunguu vinavyotiwa kwenye mafuta ya moto: ni kamba wadogo wa mwambani wanaofyatua gando, na uwepo wao ni ushahidi kwamba kifaa kinafanya kazi. Mlio mkavu unaopanda polepole kisha kushuka ni injini. Nyangumi huja chini ya hivyo vyote: mkoromo, mguno mrefu, kilio kinachopanda, kisha mguno uleule tena. Sikiliza dakika 15 bila kuzungumza kabla ya kuamua hayupo. Kusikia hakumaanishi yuko karibu. Anaweza kuwa kilomita 10 nje.

Rekodi kwa faili ya WAV, isibanwe kuwa MP3. Ifungue kwenye Audacity, ambayo ni ya bure, chagua mwonekano wa spektrogramu, yaani picha ya sauti inayoonyesha nzito chini na nyembamba juu, weka upeo wa juu herzi 4,000 na dirisha la 4096. Kamba watakuwa mistari wima myembamba, injini mistari ya mlalo, na wimbo alama zilizopinda zinazojirudia. Mara nyingi jicho huupata wimbo ambao sikio liliupita.

Akikwama ufukweni

Usimsukume, usimfunge kamba ya mkia, wala usisimame nyuma yake. Zuia watu na mbwa, usiguse mzoga kwa mikono mitupu, na piga simu kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya, au kwa Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu upande wa Tanzania.

Kuweka kumbukumbu

Andika tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza kutazama, mahali na kimo, upepo, idadi, mwelekeo, kama kuna mtoto, na alichofanya. Picha ya upande wa chini wa mkia ina thamani ya pekee, maana michoro yake ni tofauti kwa kila nyangumi. Kwa lenzi ya milimita 400 au zaidi unaweza kuipata hata ukiwa juu ya jabali, ukipiga mfululizo tangu anapokunja mgongo. Zipeleke Happywhale, tovuti ya kutambua nyangumi kwa picha, zinapolinganishwa na za bahari nyingine, na kama uko Kenya wajulishe Watamu Marine Association, wanaokusanya taarifa za nyangumi na pomboo wa pwani hiyo. Siku usiyoona kitu nayo iandikwe, pamoja na saa ulizokaa na hali ya upepo. Bila saa za kutazama, nyangumi wanne wa Agosti na wawili wa Oktoba hawawezi kulinganishwa.